Vipande vya Saa ya Baba

Watu wanaokusanya saa hukusanya saa nyingi. Mimi nilikusanya moja tu, na ilinichukua karibu mwaka mzima, kwa sababu ilikuwa imegawanywa.

Iligawanywa kwenye matanga ya baba, nyumbani kwetu upande wa Kisian, juu kidogo ya barabara ya Busia. Kwetu, mtu akishazikwa na wageni wa mbali wakishaondoka, wazee huketi na kutoa vitu vyake nje, kimoja kimoja, na kila mtu wa karibu hupewa cha kushika. Si mambo ya shamba. Hayo yana siku yake. Ni vitu vya mwili: koti, viatu, kiti, redio, panga. Hakuna aliyempenda marehemu anayetakiwa kurudi kwake mikono mitupu. Baba mdogo, ndugu wa pekee wa baba, ndiye aliyesimamia kazi hiyo. Vitu vilikuwa vichache na watu walikuwa wengi. Ilipofika zamu ya saa, aliigeuzageuza kiganjani, akatutazama sisi tuliobaki bila kitu, kisha akauchomoa mkanda wake pole pole, kama mtu anayevua kamba kwenye shingo ya mbuzi.

Saa yenyewe akabaki nayo. Mkanda akampa shangazi. Sanduku lililokuja nayo, dogo, la mbao nyeusi, akanipa mimi kwa kuwa ndimi kifungua mimba. Hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe niliona imefanywa haki kabisa.

Aliyekosa alikuwa kitinda mimba wetu. Alikuwa bado wa kubebwa, na mtoto wa mgongoni hapewi kitu. Sehemu yake iko kwa mama yake. Lingekuwa jambo sawa kama mama angeishi. Hakumaliza mwaka. Nilikuwa darasa la saba. Sare yangu nikampunguzia mdogo wangu wa kike anayenifuata, nikaenda ziwani kutafuta kazi ya kushona nyavu, na huko ndiko niliko mpaka leo. Sisemi hivyo kwa uchungu. Wadogo wangu walisoma, na mimi nilipenda nyavu mapema kuliko nilivyotarajia.

Siku hizi nyavu zangu si za kuvulia. Ni za vizimba, zile nyumba za wavu zinazoelea ziwani ambamo watu wanafuga samaki wa ngege. Wavu wa kizimba ukitoboka, samaki wote wanaondoka kama wanafunzi kengele ikilia. Kwa hiyo kila kampuni yenye vizimba inahitaji mtu wa kushona nchi kavu, na mtu wa kushuka majini kukagua. Wa nchi kavu ni mimi. Wa majini ni yule wa mgongoni. Sasa ni mwanamume mwenye kifua kama mlango, anashuka akivuta hewa kwa bomba kutoka kwenye mashine iliyo juu ya chelezo cha mapipa, na anajua muda wa kupanda kwa jinsi baridi inavyomfika magotini.

Mwaka nilioanza kuikusanya saa, alikuwa anajiandaa kuoa. Jioni moja alikuja kunitazama nikishona, akakaa juu ya rundo la kamba, akaanza kunieleza habari za nyumbani kwa mchumba wake. Mashemeji wake, alisema, kila mmoja ana kitu cha baba yao. Mmoja ana kofia. Mwingine ana baiskeli isiyo na mnyororo.

"Wa tatu ana ugomvi wa mpaka," akasema. "Hata huo ni kitu. Mimi nina jina tu, dada. Jina hata chifu analo."

Alicheka, nami nikacheka. Lakini alipoondoka niliendelea kushona mahali pamoja mpaka nikakuta nimeziba jicho la wavu lisilokuwa na tatizo.

Nilipokuwa namlea nilimpa vingi, lakini hicho sikuwa nacho. Nilichokuwa nacho ni sanduku, na ndani yake nilikuwa nimeweka sindano za nyavu tangu siku ya kwanza ya kazi. Kwenye kifuniko kulikuwa na picha iliyochongwa: kichwa cha mtu mwenye miwani mikubwa ya majini, na mistari miwili ya mawimbi chini yake. Nilikuwa nimeizoea kiasi cha kutoiona.

Ikawa siku moja nimekwenda mjini kununua uzi wa nailoni, na sanduku nimelibeba kwapani ili nilinganishe sindano. Mvua ikanishika. Nikajibanza kwenye kibaraza cha duka la mzee mmoja anayeuza na kutengeneza saa, mtu wa kutoka Mlima Kenya aliyekaa Kisumu muda mrefu hata akikohoa anakohoa Kijaluo. Alikuwa anatazama mvua. Kisha akatazama kwapa langu.

"Mama, hilo sanduku umelitoa wapi?"

"Ni langu. Ni la sindano."

"Naona sindano. Nauliza kabla ya sindano."

Nikamweleza kwa ufupi. Baba yangu alikuwa mwanamaji, alikaa Mombasa jeshini, na aliporudi nyumbani alirudi na saa kubwa ndani ya sanduku hilo. Mzee akanivutia kiti. Akatoa simu, akatafutatafuta, akanionyesha picha. Ilikuwa saa ya baba. Sikuwa nimeiona tangu matanga, lakini niliijua kama unavyojua sauti ya mtu aliye nyuma ya mlango: uso mweusi usio na madoido, mishale minene, na ile pete ya kuzunguka pembeni ambayo baba alikuwa akiniacha niizungushe, ikilia tik tik tik kama mdudu.

Nilimuuliza maswali mpaka mvua ikakatika, na baada ya hapo nikaendelea kuuliza jua likiwaka. Alisema zamani saa za namna hiyo zilitengenezwa kwa ajili ya wanajeshi wa Ulaya waliokuwa wakizamia usiku kwenye bandari za adui. Zilifanywa nyeusi zisimetemete, na nambari zake zilipakwa dawa ya kung'aa ili mtu aone saa kwenye maji ya matope. Miaka mingi baadaye kiwanda kikatengeneza nyingine chache kwa mfano ule ule, kila moja ikiwa na nambari yake mgongoni, na hazikutosha watu waliozitaka. Ziko matajiri, alisema, wenye makabati ya vioo yaliyojaa saa, na kwenye kabati kuna nafasi moja wameiacha wazi kwa ajili ya hiyo.

"Na kwa nini pete inazunguka upande mmoja tu?" nikamuuliza. Nakumbuka nilipokuwa mdogo nilijaribu kuirudisha nyuma ikakataa.

Akafurahi kama vile nimemnunulia chai. Mzamiaji, alieleza, anaweka alama ya pete kwenye mshale wa dakika kabla hajashuka, na kwa hiyo anajua amekaa chini muda gani. Pete ikigongwa na mwamba ikasogea, isogee upande wa kumdanganya kwamba muda umekwisha. Atapanda mapema, akasirike, lakini atakuwa hai. Kama ingeweza kusogea upande wa pili, angedhani bado ana muda.

Niliwaza juu ya hilo njia nzima ya kurudi. Kuna mtu mahali fulani aliketi akafikiria namna ya kukosea vizuri.

Lakini jambo moja sikulijua, wala silijui leo: baba aliipataje? Nyumbani kuna hadithi tatu. Moja inasema mkufunzi mzungu alimpa kwa kumtolea nanga iliyonasa. Nyingine inasema waliwekeana dau ni nani atashika pumzi zaidi, na mzungu akashindwa. Ya tatu, ya shangazi, inasema baba aliibadilisha kwa mbuzi wawili, jambo ambalo ni gumu kwa mtu anayekaa kambini. Nimeziacha zote tatu.

Mzee wa duka aliniambia nikiwahi kuikusanya yote, saa, mkanda na sanduku, nimletee aione. Nikamwambia siuzi.

"Sijataja bei, mama," akasema. "Macho yangu ndiyo yanayoomba."

Nilijua ninachokitaka sasa. Nilitaka ndugu yangu aende ukweni akiwa na saa ya baba yake mkononi. Shida ilikuwa moja, na mtu wa kwetu ataielewa haraka: kilichogawanywa kwenye matanga hakiombwi. Ukikidai ni kama unamwambia mwenzako hakustahili, na unamtoa marehemu mahali alipolala. Mimi nilikuwa nimepewa sanduku. Nilikuwa nimekwisha kula sehemu yangu. Singeweza kufungua mdomo.

Lakini kutembelea watu hakujakatazwa.

Nilianza na shangazi, huko Mamboleo, ambako anauza ndizi na parachichi karibu na makutano ya barabara. Sisi tunamwita Waya, yaani shangazi kwa Kijaluo. Nilikaa naye asubuhi nzima nikimsaidia kupanga parachichi, ngumu chini, laini juu, macho yangu yakitafuta mkanda. Sikuuona. Ulipofika wakati wa kufunga akainua mkoba wake wa kanisani, ule wa Biblia na kitabu cha nyimbo, na hapo nikauona: mkanda mnene wa nailoni, wa kijani ya jeshi, umeshonewa kwenye mkoba ukawa mpini.

Nikamwambia mkoba wake umechoka pembeni, anipe niushone. Akanipa. Nilikaa nao siku chache, nikashona pembe zote kwa uzi wa kizimba, na upande wa mpini nikatengeneza mpini mpya, mpana, wa kusuka. Ule wa zamani nikauweka ndani ya mkoba, umekunjwa, nikamrudishia kila kitu. Ilikuwa juu yake.

Waya akaugeuza mkoba, akauvuta mpini mpya kwa nguvu zote kama anayemjaribu ng'ombe. Kisha akauona mkanda ndani. Akanitazama.

"Wewe umekuja kwangu na njaa, na si ya parachichi."

Nikaanza kupanga parachichi upya.

"Huu ni wa ndugu yangu. Umenibebea Neno la Mungu miaka yote, haujakatika." Akaukunja, akautia kwenye mfuko wangu mwenyewe kwa mkono wake. "Sikuulizwa, na sijakupa. Umeanguka."

Baba mdogo yuko mbali zaidi, Pap Onditi, ambako alihamia kwa upande wa mkewe akapata shamba zuri. Nilikwenda Jumapili kwa sababu ndiyo siku ya kumpata. Alikuwa ameshatangulia kanisani, nami nikaingia nikaketi nyuma. Ni mzee wa kanisa, na kiti chake kiko mbele, kimegeuzwa kutazama watu.

Mhubiri aliposimama, baba mdogo akatia mkono mfukoni akatoa saa ya baba. Ilikuwa haina mkanda, imefungwa kwa uzi kwenye tundu la kifungo. Aliitikisa kwa nguvu kando ya sikio, kama mtu anayetikisa chupa ya dawa ya kikohozi. Halafu akaizungusha pete, tik tik tik, kanisa zima likasikia, akaiweka juu ya goti. Mhubiri aliendelea vizuri. Kila alipofika mahali patamu alilitazama lile goti. Wakati fulani baba mdogo akakohoa mara moja tu, na yule ndugu akayafunga mahubiri katikati ya jangwa, Waisraeli wakiwa bado hawajafika popote.

Mkewe, mama mdogo, aliniambia baadaye kwamba wahubiri wa sehemu hizo hawaogopi kitu chochote kama wanavyoiogopa pete ile. Baba mdogo alikuwa ameigundua kazi ya pete mwenyewe, bila kufundishwa na mtu.

Tulipomaliza kula aliilalamikia. Saa nzuri, alisema, lakini ni mgonjwa. Akiiweka mfukoni siku mbili inazimia, na hakuna fundi aliyeona mahali pa kutia betri. Nilikuwa nimeambiwa jambo hilo na mzee wa duka, nikaona si vizuri kunyamaza.

"Si ugonjwa, Baba. Ni njaa. Inakula mwendo wa mkono. Ukiivaa, inajijaza yenyewe."

Akaitazama kwa muda. "Miaka yote hii naitikisa."

"Ulikuwa unailisha."

"Kwa kijiko," akasema mama mdogo kutoka mlangoni.

Baba mdogo akaiweka juu ya kifundo cha mkono wake, akaishika hapo kwa vidole vya mkono wa pili, akaupunga mkono. Ilionekana wazi alichokuwa anafikiria. Akauliza kwa sauti ya mtu asiyejali: na ule mkanda ulikwenda wapi?

Nikamwambia nilikuwa nao. Ulikuwa ndani ya mfuko wangu, chini ya kiti.

Akasema, "Mh."

Hapo ndipo tulipokwama. Yeye alikuwa na saa isiyoweza kuvaliwa. Mimi nilikuwa na mkanda usio na cha kufunga. Yeye ndiye aliyegawanya, kwa hiyo hangeweza kudai. Mimi nilikuwa nimepewa, kwa hiyo singeweza kuomba. Tukanywa chai. Tukazungumzia mvua, tukazungumzia bei ya mbegu, tukarudi kwenye mvua. Mfuko wangu ulikuwa hapo chini kama mgeni wa tatu.

Mama mdogo alikusanya vikombe, akasimama katikati yetu.

"Mmekaa kama watu walionunua kufuli duka hili na ufunguo duka lile," akasema. Halafu akamgeukia mumewe. Siku ile ya matanga alikuwa ameolewa karibuni tu, alikuwa jikoni na wanawake, na pengine ndiyo sababu aliona ambacho sisi hatukukiona. "Na yule wa mgongoni alipewa nini?"

"Sehemu yake ilikuwa kwa mama yake," akasema baba mdogo.

"Na mama yake alipokwenda?"

Baba mdogo aliipindua saa, akasoma mgongo wake, akaipindua tena.

"Huyo hajapewa," akasema mwishoni. "Asiyepewa anaweza kuuliza. Lakini aulize mwenyewe. Siwezi kuulizwa kwa mdomo wa mwingine, hata ukiwa wewe uliyemlea."

Nilipokuwa naaga nilimweleza jambo la mwisho, kwa sababu sikutaka aachilie kitu asichokijua. Nilimwambia yale ya kiwanda na ya makabati ya vioo, na kwamba kuna watu ambao wangetoa kwa saa hiyo thamani ya shamba la karibu na lami. Hakucheka. Aliirudisha mfukoni, akapapasa mfuko kwa nje.

"Basi mwambie aje kabla sijafikiri sana."

Ndugu yangu alikataa. Alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni akifunga kamba ya kizimba, na hakusimamisha kazi. Amefika umri huo, alisema, bila kuomba kitu kwa mtu wa ukoo. Kama walisahau kumhesabu, waje wao wamhesabu. Nilimwambia haombi, anauliza. Akasema kwake yeye ni kitu kimoja.

Sikumsukuma. Nilimlea mtoto huyo, najua anavyokuwa mzito akisukumwa. Lakini siku zilikwenda, nami kila nikikumbuka mfuko wa baba mdogo nilimwona akifikiri. Mwanamume mwenye shamba anaweza kuota shamba lingine, na sikuwa na haki ya kumlaumu.

Kilichomtoa si maneno yangu ya kumshauri. Tulikuwa tunakula mchana ufuoni, gugu maji limejaa mpaka miguuni petu, na nikawa namsimulia mambo ya mzee wa duka kwa ajili ya kusimulia tu, maana bado yalikuwa yananifurahisha. Nilipofika kwenye pete alisimamisha tonge njiani.

"Upande mmoja tu? Kwa nini?"

Kinywa changu kilishafunguka kumjibu. Nikakifunga.

"Nenda ukaizungushe," nikamwambia.

Siku ile alishuka majini mara mbili, na mara zote mbili alipopanda alinitazama. Jumapili alivaa shati jeupe, tukapanda gari la Pap Onditi.

Baba mdogo alikuwa amemwita mzee jirani aje kushuhudia, kwa hiyo nilijua kwamba alitutazamia. Tulipewa chai. Ndugu yangu hakuigusa. Alisimama, na kwa mara ya kwanza nilimwona hajui mikono yake aiweke wapi.

"Baba," akasema, "siku ile nilikuwa mgongoni. Nimekuja kuuliza sehemu yangu."

Baba mdogo hakufanya haraka. Alimtazama kuanzia viatu hadi kichwa, na nadhani alikuwa anamtazama mtu mwingine, kwa sababu macho yake yalibaki kwenye mabega. Kisha akaufungua uzi kwenye tundu la kifungo. Fundo lilikuwa la zamani, likamshinda, mama mdogo akaleta wembe. Akaiweka saa mezani.

"Hii ndiyo iliyokuwa kwangu," akamwambia mzee jirani. "Mwingine aseme kilicho kwake."

Nikautoa mkanda nikauweka kando yake. Baba mdogo, mtu yule yule aliyeuchomoa, akauingiza kwenye vyuma vya saa kwa vidole vyake mwenyewe, ukapita huku, ukatokea kule. Hakumfunga mwenyewe. Alimsukumia.

Mkanda ulikuwa mrefu kuliko nilivyofikiri. Tukainama wote watano kuutazama. Matundu yake mawili yalikuwa yamepanuka na kulainika kuliko mengine, moja karibu, moja mbali sana, na katikati yake kulikuwa na matundu mengine yasiyotumika kabisa. Mzee jirani akasema labda baba alinenepa. Ndugu yangu akatikisa kichwa. Akaweka kidole kwenye lile la karibu.

"Huu ni mkono mtupu," akasema. Akakisogeza kidole hadi lile la mbali. "Na huku ni juu ya nguo ya mpira ya kuzamia. Alikuwa anashuka nayo."

Hatukuwa na mtu wa kuuliza, na halikuhitaji kuulizwa. Alijaribu la karibu, likambana. Alijaribu la mbali, saa ikaning'inia. Akachagua moja la katikati, ambalo lilikuwa bado gumu kama siku lilipotobolewa, na ikabidi aukandamize ulimi wa chuma kwa kidole gumba mpaka ukapita.